Vumbi Juu ya Kiti 417

9 Februari

Kwa mwanangu, mtoto wa dada yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na kazi yako nzima. Huku sote tunapumua. Goti la mkaza mjomba wako limegoma tena. Daktari amemwambia apunguze kusimama, naye amepunguza kumsikiliza daktari. Paa la ghala la viti linavuja pale pale juu ya maturubai. Nimeliziba mara ya tatu. Binamu yako dereva amepata mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia mbili. Sikupima mimi, lakini karatasi nimeiona.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia "mjomba, niko kazini", na jambo hili linahusu kazi hiyo hiyo.

Jumapili ya tarehe mosi yule mgombea tunayemwita Tabasamu alifanya mkutano uwanja wa shule. Viti ni vyangu, elfu moja na mia mbili, vyote nilivyo navyo. Unajua ninavyofanya kazi. Vinapangwa jioni ya siku iliyotangulia, na kwa ukame huu ikifika asubuhi kila kiti kina vumbi jembamba kama unga. Mtu akikaa, nguo yake inafuta. Mkutano ukiisha napita mstari kwa mstari, kabla wabebaji hawajaanza kazi yao, nahesabu vilivyobaki na vumbi. Miaka ishirini na sita sijawahi kukosea kwa zaidi ya viti vitano. Watu wakibishana harusi ya nani ilijaza, wanakuja kwangu. Jina la Mzee Idadi sikujipa mwenyewe.

Siku ile vyenye vumbi vilikuwa mia tatu na arobaini. Waliokaa, mia nane na sitini. Waliosimama kwenye kamba niliwahesabu kwa macho, sabini. Jumla mia tisa na thelathini, na hapo nimewatia hata polisi.

Jumatatu gazeti lenu likatoka. Ukurasa wa kwanza wote ni picha, vichwa kama mahindi shambani mpaka macho yanachoka, na maandishi makubwa: ELFU ISHIRINI NA TANO WAFURIKA. Mwanangu, ilibidi nikae. Mimi niliyevipanga vile viti, niliitazama picha ile nikasisimka, nikasema kumbe walikuwa wengi hivi. Kwa muda wa pumzi tatu niliiamini picha nikayakana macho yangu. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko uongo wenyewe.

Nilimweleza kinyozi hesabu yangu. Akaniuliza mbele ya wateja, "Sasa mzee, gazeti zima lidanganye, wewe na vumbi lako ndio mseme kweli?" Wakacheka wote. Sijawahi kuchekwa kwa hesabu tangu nianze na viti kumi na viwili vya kuazima.

Wewe uko chumba cha picha cha gazeti hilo. Nataka mstari mmoja tu wa masahihisho, hata ukurasa wa ndani, karibu na matangazo ya vifo. 930. Basi.

Mjomba wako.


2 Machi

Shikamoo mjomba,

Barua yako ilikaa mapokezi siku tisa kwa sababu umeandika jina langu la nyumbani, na hapa hakuna anayelijua. Nimefurahi sana kwa mtoto wa binamu. Mwambie mkaza mjomba asilichezee hilo goti. Mimi niko salama. Chumba nilichopanga kina dirisha linalotazama ukuta, ila ukuta wenyewe umepakwa rangi mpya, kwa hiyo ni kama nimehamia. Nakohoa kidogo, ni kiyoyozi cha ofisini.

Kazi ni nyingi. Chumba cha picha tuko watatu, lakini mmoja yuko likizo ya uzazi tangu Desemba, na mwingine kila Jumapili hushinda kwenye viwanja vya mpira.

Kuhusu picha, mjomba, kuna mambo ya lenzi. Lenzi ndefu huwasogeza watu karibu wakaonekana wamebanana. Na mpiga picha akipanda juu ya gari ndiyo zaidi. Sijui nikueleze vipi.

Nikueleze kitu kingine. Ukutani kwetu kuna skrini inayoonyesha ni watu wangapi wanafungua habari zetu kwenye simu zao, dakika hiyo hiyo. Picha ya mkutano iliwekwa saa tisa alasiri. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Skrini ikasema elfu nne. Kabla sijamaliza chai ikasema laki moja na elfu sitini. Jua lilipotua, laki nne. Chumba chote kikaacha kazi. Hata mhariri, ambaye amezoea, alisimama amekunja mikono kama mtu aliye kwenye ibada. Watu laki nne wasiojuana wanatazama kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nilifikiria vichwa vyote hivyo vimeinama.

Mstari wa masahihisho hauwezekani. Tafadhali liache jambo hili, na usiniulize kwa simu ya ofisi.

Mpwa wako anayekupenda.


20 Machi

Marahaba mwanangu,

Hamisha dawati, kaa mbali na hicho kiyoyozi. Paa nimeliziba mara ya nne, usinicheke. Mtoto wa binamu yako amefika kilo nne na nusu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kurasa mbili, na swali langu umelijibu kwa mistari minne. Nimehesabu.

Sasa sikiliza ya huku. Kinyozi anasema alikuwepo kwenye mkutano ule wa kwanza. Siku ile duka lake lilikuwa wazi kutwa. Nilimwona mwenyewe amekaa mlangoni hana mteja. Leo anaeleza jinsi alivyokosa kiti, akasimama, jasho likamtoka, mtu akamkanyaga kidole cha mguu. Kidole anakionyesha. Na hadanganyi, mtu anayedanganya namjua. Anakumbuka. Fundi viatu naye anakumbuka. Na mkaza mjomba wako, ambaye hakutoka kitandani kwa goti, juzi ananiambia, "Lakini zile kelele zilifika mpaka hapa." Nikamuuliza kelele zipi. Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

Halafu tarehe kumi na tano Tabasamu akarudi. Uwanja ule ule, viti vile vile. Kufika saa tatu asubuhi hakukuwa na kiti chenye vumbi hata kimoja. Walikaa wawili wawili, walipanda ukuta wa shule, walikuja kwa malori ili wasikose mara ya pili kile walichokikosa mara ya kwanza. Nilihesabu kwa miraba, nikafika elfu sita na mia nne nikaishiwa macho. Ile picha ndiyo iliyowaleta. Picha ya watu ambao hawakuwepo imezaa watu waliopo. Nilisimama nyuma ya jukwaa, na sikuwa na hasira hata kidogo. Ilikuwa kama kuona mto unapanda mlima. Mtu hakasiriki hapo, anatazama tu.

Hasira ilinikuta nyumbani. Nilitoa lile gazeti la Februari, nikaazima kioo cha kukuzia cha fundi saa. Picha imepigwa kutoka nyuma ya watu, kwa hiyo migongo ya viti inaonekana, na migongo ya viti vyangu ina namba za rangi nyeupe. Nyingi hazisomeki, nikadhani ni wino wa gazeti. Lakini moja inasomeka. Kiti 417 kiko mstari wa tisa. Kiko tena mstari wa kumi na nne. Kiko kulia karibu na nguzo ya goli. Kwa jumla kiko mara nne. Na kila mahali, kushoto kwake yuko mwanamke yule yule mwenye kilemba cha njano, kulia bwana yule yule anajikuna kisogo.

Mwanangu, kiti 417 ninacho kimoja. Mtu amewakata watu vipande akawapanda upya kama viazi.

Wapinzani wa Tabasamu wana redio yao, na mtu wao amenijia, anataka niseme. Nikiwapa 417, nimejisafisha, na kinyozi atanyamaza. Ila kwa kuwa ni ofisi yako nauliza kwanza. Nani alitengeneza picha ile? Nijibu.

Mjomba wako.


28 Aprili

Shikamoo mjomba,

Samahani kwa kuchelewa. Barua hii nimeianza mara kadhaa. Kikohozi kimepungua, nimehama dawati kama ulivyosema, sasa nakaa karibu na mlango. Yule mwenzetu wa likizo ametuma picha ya mapacha wake. Mtoto wa binamu nimemnunulia kofia, nitaituma wiki hii. Huku mvua imeanza, asubuhi ukuta wangu unang'aa vizuri.

Tafadhali usipeleke kiti 417 redioni. Ukitaka kusema habari za vumbi, sema. Sema 930. Hicho kiti kiache.

Sina la kuongeza. Goti la mkaza mjomba linaendeleaje?

Mpwa wako.


18 Mei

Mwanangu,

Goti linaendelea. Kofia imefika. Ni kubwa, mtoto atalazimika kukua.

Machi uliniandikia kwamba mko watatu. Mmoja yuko likizo tangu Desemba. Mwingine kila Jumapili yuko mpirani. Mimi sikusoma sana, lakini tatu kutoa mbili naiweza. Nimeifanya mara nyingi nikitafuta jibu jingine. Jibu ninalo, na sitaliandika hapa.

Kwa hiyo redioni nilikwenda bila 417. Chumba chao ni kidogo kama stoo, kuta zimebandikwa sponji, kipaza sauti kinaning'inia mbele ya pua. Kabla hatujaanza mtangazaji akaniambia kwa upole kwamba nikisema watu walikuwa mia tatu itapendeza zaidi. Nikamwambia mimi sipambi, nahesabu. Nikaeleza yote, jinsi vumbi linavyokaa na jinsi nguo inavyofuta: viti 1,200, vyenye vumbi 340, waliokaa 860, kwenye kamba 70, jumla 930. Dakika kumi na nane kwa saa yangu.

Jioni tulijazana sebuleni, mimi, mkaza mjomba wako, kinyozi na majirani, kunisikiliza. Nikasikika sekunde kumi na moja. Sauti yangu, safi kabisa, hata kile kikohozi ninachoanza nacho kabla ya kusema: "Mimi ndiye mwenye viti. Nilihesabu mwenyewe. Mia tatu na arobaini."

Kisha muziki.

Hiyo ni idadi ya viti vitupu, mwanangu. Hawakuongeza neno hata moja. Kila neno ni langu, limetoka mdomo huu, na yote kwa pamoja ni uongo. Umri wote huu nilidhani ili mtu adanganye lazima aseme kitu cha uongo. Nikawa nawaza mikono iliyofanya kazi ile, laini, bila mshono, na nakuambia kweli, nilistaajabu kabla sijaumia.

Kinyozi akainuka akavaa viatu. Safari hii hakucheka. "Mzee Idadi," akasema, "na wewe wamekununua?"

Tangu siku hiyo watu wakiwa na shughuli wanachukua viti, wanarudisha viti, na hakuna anayeniuliza walikuwa wangapi. Miaka ishirini na sita.

Kitu kimoja tu kinaweza kunisafisha, nacho kiko ghalani, safu ya tano, cha tatu kutoka chini. Sitakitoa. Lakini na wewe usiniandikie tena habari za mvua.

Mjomba wako.


14 Juni

Shikamoo mjomba,

Tabasamu wamemtangaza mshindi, najua mmesikia. Nilikuwa ofisini. Ile skrini ilipita milioni mbili, watu wakapiga makofi, wakiipigia skrini.

Ni mimi. Jibu la hesabu yako ni mimi.

Jumapili ile mhariri alikuja saa nane mchana akaweka picha mbele yangu. Viti vitupu vingi, mgombea amenyanyua mkono. Akasema neno moja, "Jaza", akaenda kula. Ilinichukua dakika arobaini. Nikikuambia nililia nitakuwa nakudanganya tena. Nilifurahia. Kila nilipopachika kundi la watu uwanja ulivuta pumzi, ukawa mkubwa zaidi, mpaka nikaanza kuzisikia kelele zao. Mkaza mjomba hakuzisikia peke yake.

Kazi hii ina sheria moja: ukinakili, futa kila kinachojirudia. Kofia nilizibadili rangi. Mikoba niliiondoa. Namba za viti nilizifuta moja baada ya nyingine, haukuwa wino wa gazeti. Nikafika kwenye 417, kidole kiko juu ya kitufe, nikashindwa. Nikaacha na kilemba, nikaacha na yule anayejikuna. Ule mkia uliopinda wa namba 7 ni mwandiko wangu. Unakumbuka likizo ile baada ya mama kuzikwa? Ulinipa brashi ukasema nipake namba kuanzia mia nne, ili nisikae nalia bila kazi. Ulisema kiti chenye namba hakipotei.

Nilijua nchi hii ina mtu mmoja tu anayesoma migongo ya viti. Kama nilitaka unikamate, sijui. Nilitaka mtu ajue.

Ndani ya bahasha hii kuna picha ya kwanza, kabla sijaijaza. Nyuma yake nimeandika jina langu kamili, tarehe, na kwamba ni mimi niliyeijaza na kwa amri ya nani. Ipeleke unakotaka, jina lako lirudi. Usinionee huruma kwa ajili ya mama.

Mpwa wako.


5 Julai

Marahaba mwanangu,

Kofia sasa inamtosha. Paa nimelibadilisha lote. Mkaza mjomba wako anatembea na fimbo, na fimbo yenyewe anaitumia zaidi kunionyesha mambo ya kufanya.

Picha imefika. Niliitazama mpaka chai ikapoa. Vilivyo vitupu nilivihesabu kwa kioo cha fundi saa, na pale vinapoonekana vinalingana na daftari langu. Kisha nikaenda kwa seremala, nikaomba ubao na ile gundi yake ya kuchemsha, nikaibandika picha mgongo wote. Jina lako liko ndani ya gundi. Anayetaka kulisoma itabidi aichane picha.

Nikaubeba ubao mpaka kwa kinyozi. Walikuwa watu saba, wa nane ananyolewa. Moyo ulinidunda kama wa mtu anayekwenda kuposa. Nikasema tazameni, hii ndiyo ya kweli. Kinyozi akazima mashine, akasogea, akaitazama kwa makini sana.

"Hii ilipigwa mapema," akasema. "Watu hawajafika."

Nikamwonyesha Tabasamu jukwaani, mkono juu, mdomo wazi, anahutubia.

"Hapo anajaribu kipaza sauti, mzee."

Wote wakaafiki, kwa upole, kama watu wanaomwafiki mgonjwa. Hata yule wa nane, nusu ya kichwa imenyolewa. Kisha kinyozi akaweka kidole kwenye nafasi tupu nyuma ya mstari wa kumi na moja. "Mimi nilikuja nikasimama hapa hapa," akasema, na macho yakamlainika kama anatazama picha ya harusi yake.

Tangu Machi nimeishi na hofu kwamba nikionyesha kweli itakumaliza wewe, na nisipoionyesha itanimaliza mimi. Nimeionyesha. Haikumgusa mtu. Nikarudi na ubao wangu kwapani. Njiani nikasimama nikautazama mtaa, milango iko wazi, watu wanaingia na kutoka, na kila mmoja ana siku ile kichwani mwake, kamili, na kelele zake, na kidole chake kilichokanyagwa. Mimi nilijenga ghala kwa mikono hii kwa miaka minne, na likavuja. Wewe ulijenga kitu kile kwa dakika arobaini, na hakuna tone linalopenya.

Hasira yangu ipo. Sitaipunguza kwa sababu umekiri, wala kwa sababu ya dada yangu. Utaikuta.

Wiki ijayo wana sherehe ya ushindi uwanja wa shule, wameagiza viti vyote. Wametuma lori jana. Nimewapakilia elfu moja, mia moja na tisini na tisa, wakatia sahihi elfu moja na mia mbili. Hakuna aliyehesabu.

Kile kingine kiko nyumbani, mezani, upande wa dirisha, pale ulipokuwa unakaa. Nimemkataza mkaza mjomba wako kukifuta. Kimeshika vumbi jembamba, sawasawa, mpaka kwenye pembe. Kila asubuhi nakipitia kabla ya kwenda ghalani.

Mpaka leo, hajakaa mtu.

Mjomba wako.